Saini ya Dodoma ikifika Namanga

Lori la mashudu ya alizeti likitoka Dodoma kwenda Nairobi linapita Kondoa, Babati, Arusha, kisha Namanga. Lami ipo, na kituo cha Namanga ni cha pamoja tangu kilipozinduliwa rasmi Desemba 2018, kwa hiyo mzigo wenyewe hauna shida kubwa ya kuvuka. Kinachochelewa ni makaratasi: cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), cheti cha uasili wa bidhaa, ankara ya muuzaji, tamko la forodha. Hati hizi siku hizi zinazaliwa ndani ya kompyuta. Halafu mtu anaichapisha, anaigonga muhuri wa wino, anaipiga picha na kumtumia wakala kwa WhatsApp, na upande wa pili karani anaanza kuchapa upya taarifa zilezile.

Wimbo wa "mifumo isomane" tumeuimba sana hapa makao makuu. Ndani ya nchi kazi hiyo ina mwenyewe, Mamlaka ya Serikali Mtandao, chini ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019, na taasisi zinabadilishana taarifa kupitia mfumo wa GovESB. Hapa nazungumzia kinachofuata: mfumo wetu usomane na wa Kenya, Uganda au Rwanda, na saini iliyowekwa huku ikubalike kule bila mtu kupiga simu kuuliza. Msimamo wangu nauweka mapema ili anayebisha abishe vizuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki haihitaji ghala moja la taarifa za watu na mizigo. Inahitaji orodha moja ya watoaji wa vyeti vya kidijitali wanaoaminika, na nidhamu ya kuitunza orodha hiyo.

Maswali matano ya mpokeaji

Picha ya saini iliyobandikwa kwenye faili la Word mfumo hauna namna ya kuikagua. Saini ya kidijitali ni kitu kingine. Programu inalisoma faili lote na kulikokotoa hadi kupata alama fupi. Kwa njia ya SHA-256 alama hiyo ina herufi na tarakimu 64, faili liwe ukurasa mmoja au kurasa mia. Badilisha "tani 28" iwe "tani 29" na alama yote inakuwa nyingine kabisa. Alama hiyo ndiyo inayotiwa saini kwa ufunguo binafsi wa mtoaji, na mpokeaji anaikagua kwa ufunguo wa umma uliomo ndani ya cheti cha kidijitali. Cheti nacho kimetiwa saini na mamlaka iliyokitoa, na mamlaka hiyo imethibitishwa na mzizi, yaani mtoaji wa juu kabisa ambaye vyeti vyote vya chini vinaanzia kwake. Ufunguo wa mzizi hukaa nje ya mtandao, ndani ya kifaa maalumu cha kutunzia funguo, na huwashwa mara chache mbele ya mashahidi. Kwa kawaida hauwashwi na mtu mmoja: watu watatu kati ya watano, kwa mfano, lazima wawepo na kadi zao.

Mfumo wa Namanga ukipokea hati ya namna hiyo una maswali matano. Faili limebadilika tangu litiwe saini? Mnyororo wa vyeti unaishia kwenye mzizi ninaoutambua? Cheti kilikuwa hai wakati saini inawekwa? Hakikuwa kimebatilishwa? Na mwenye cheti ana mamlaka ya kutoa hati ya aina hii?

Swali la kwanza kompyuta yoyote inalijibu. La tatu na la nne yanataka saa sahihi na mawasiliano. La pili na la tano hayajibiwi na mashine hata iwe ya bei gani, kwa sababu majibu yake ni makubaliano ya nchi na nchi. Miradi mingi ya kuunganisha mifumo inamaliza bajeti kwenye swali la kwanza.

Angalia kinachotokea kwa karibu. PDF yenye saini halali kabisa ya taasisi ya Tanzania inafunguliwa kwenye kompyuta ya ofisi Nairobi. Kama mzizi wetu haumo kwenye orodha ya programu ile ya kusomea, inatokea alama ya njano na ujumbe kwamba uhalali wa saini haujulikani. Saini ni nzima, hakuna kilichochezewa, ila programu haimjui mtoaji. Karani anaikataa. Dakika tano baadaye analetewa PDF nyingine yenye tiki kubwa ya kijani iliyochorwa ndani ya ukurasa, anaipitisha. Tiki ile hata mtoto wa shule anaweza kuichora. Jibu la ukaguzi linasomwa kwenye paneli ya programu, nje ya ukurasa wa hati.

Kuna na uharibifu wa njiani, unaofanywa na watu wenye nia njema. Faili likitumwa WhatsApp kama hati, linafika lilivyo. Likitumwa kama picha, saini imekufa. Wakala akiona faili ni zito akalipitisha kwenye programu ya kupunguza MB, saini imekufa. Akiliunganisha na ankara ili liwe PDF moja, imekufa. Akichapisha, akagonga muhuri wake na kuskani, hiyo ni hati mpya isiyo na uhusiano wowote na ile ya mwanzo. Maelekezo kwa mawakala yaandikwe hivyo, kwa kifupi: usilifungue na kulihifadhi upya, usiliunganishe, usilipunguze, litume kama hati au tuma namba yake tu.

Swali la tano ndilo linalosahaulika kuliko yote. Cheti cha kidijitali kinasema mtu ni nani. Hakisemi anaruhusiwa kufanya nini. Mkaguzi wa mimea aliyehamishiwa ununuzi bado anatembea na cheti hai. Kwa sababu hiyo hati zinazotoka kwenye mfumo zinafaa kupigwa muhuri wa kielektroniki wa taasisi, yaani saini inayofungamana na taasisi na si na mtumishi. Jina la afisa libaki ndani ya hati kama taarifa, na ushahidi kwamba ni yeye aliyeidhinisha ukae kwenye kumbukumbu za mfumo wetu. Jirani hana haja ya kufuatilia uhamisho wa watumishi wa Tanzania. Anahitaji kuitambua mihuri michache, kila mmoja na aina ya hati unazoruhusiwa kutoa.

Sheria zipo, kila moja kwa kwao

Hatuanzi na shamba lisilolimwa. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Uganda ilipitisha sheria ya saini za kielektroniki 2011. Rwanda ilikuwa na sheria ya ujumbe, saini na miamala ya kielektroniki tangu 2010. Kenya iliiingiza saini ya kielektroniki kwenye sheria yake ya mawasiliano, na mwaka 2020 ikarekebisha sheria kadhaa za biashara ili ziitambue. Kila moja imeandikwa kwa kuangalia ndani. Mahakama ya Dodoma ikiletewa mkataba uliotiwa saini kwa cheti kilichotolewa Kigali, swali ni kama mtoaji yule anakidhi vigezo vya hapa, na kulijibu upya kwa kila kesi ni kazi isiyoisha.

Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa, UNCITRAL, ilitoa mwaka 2022 sheria ya mfano inayohusu utambuzi wa vitambulisho na huduma hizi kati ya nchi na nchi. Kiini chake ni kwamba huduma isikataliwe kwa sababu tu imetoka nje. Kiangaliwe kiwango chake cha kuaminika, kama kinalingana na cha hapa. Ni msingi mzuri kwa Arusha, makao makuu ya Jumuiya, kuanzia. Kazi ngumu iko kwenye neno "kiwango", maana lazima litafsirike kuwa mambo ya kukagua: ufunguo umehifadhiwa kwenye kifaa gani, mwombaji alithibitishwa kwa kufika mwenyewe au kwa simu, nani anamkagua mtoaji na kila baada ya muda gani, na cheti kikiripotiwa kuibwa kinabatilishwa ndani ya saa ngapi.

Hati zote zisipandishwe kwenye kiwango cha juu, tafadhali. Kibali cha kuegesha lori hakihitaji ulinzi wa hati ya rehani ya nyumba. Ukiweka masharti ya juu kwa kila kitu, mfanyabiashara mdogo wa Kondoa mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, ambaye Jumuiya imempa cheti cha uasili kilichorahisishwa, atarudi kwenye njia za panya.

Orodha, si ghala

Hesabu kwanza. Jumuiya ina nchi wanachama 8. Kila nchi ikiingia makubaliano na kila nyingine, ni makubaliano 28, kila moja na wanasheria wake, muundo wake wa faili na tarehe yake ya kuisha. Zikikubaliana orodha moja, kila nchi inaunganishwa mara moja: miunganisho 8.

Ulaya ndivyo ilivyofanya kwa eIDAS, kanuni yake ya utambulisho na saini za kielektroniki, Na. 910 ya 2014, ambayo sehemu kubwa ilianza kutumika Julai 1, 2016 na ikarekebishwa 2024. Kila nchi inachapisha orodha yake ya watoaji waliokaguliwa, imetiwa saini ili isichezewe, na Kamisheni ya Ulaya inachapisha orodha ya orodha. Programu ya ukaguzi inashusha orodha hizo yenyewe. Mamlaka ya kusimamia watoaji imebaki kwa kila nchi.

Mfano unaotufaa zaidi sisi ni vyeti vya Corona. Mei 2020 madereva wa malori walikwama Namanga kwa sababu majibu ya vipimo vya upande mmoja yalibishaniwa upande wa pili. Mwaka uliofuata Ulaya ilianza kutumia cheti chenye QR iliyotiwa saini, na lango lao la pamoja lilibeba funguo za umma za watoaji peke yake. Jina la mgonjwa na majibu yake hayakupita hapo; yalibaki kwenye simu au karatasi ya mwenyewe. Nchi za nje ya Umoja wa Ulaya, Moroko na Togo zikiwemo, ziliingia kwa kuleta funguo zao. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likauchukua mfumo huo kuwa msingi wa mtandao wake wa vyeti vya afya.

QR ya namna hiyo inakaguliwa bila intaneti, na hapo kuna uamuzi wa kiufundi wa kufanya mapema. QR kubwa kuliko zote inabeba baiti 2,953, lakini ukifika huko vitundu vinakuwa vidogo mno kwa simu ya kawaida na karatasi iliyokunjwa mfukoni. Saini ya RSA ya biti 2,048 inakula baiti 256. Saini ya ECDSA kwenye mkunjo wa P-256 inakula 64. Kwa QR chagua ya pili. QR yenye kiungo cha tovuti tu ni dhaifu zaidi ya zote: tapeli anatengeneza tovuti inayofanana, anabandika QR yake, na simu ya mkaguzi inafungua ukurasa unaosema "hati ni halali". Kama ni lazima kutumia kiungo, mkaguzi afundishwe kusoma mwisho wa jina la tovuti kabla ya kusoma majibu: .go.tz kwetu, .go.ke Kenya, .go.ug Uganda, .gov.rw Rwanda.

Kwa taarifa zinazotakiwa kusafiri mfumo kwa mfumo, X-Road, njia ya Estonia ya kubadilishana taarifa kati ya taasisi, ndiyo inayonivutia, iliyoanza 2001. Hakuna kompyuta ya katikati inayopitisha taarifa. Kila taasisi ina seva yake ya usalama, ujumbe unatiwa saini na kupigwa muhuri wa muda, na unakwenda moja kwa moja kwa mpokeaji. Katikati kuna orodha ya wanachama na watoaji vyeti, basi. Finland na Estonia ziliunganisha mitandao yao miwili 2018 bila kuunganisha hifadhidata.

Na pale ambapo kituo cha katikati kinahitajika, kiwe mbeba bahasha. Mfumo wa kimataifa wa ePhyto, unaosafirisha vyeti vya afya ya mimea kwa muundo wa XML uliowekwa na kiwango cha ISPM 12, hufanya hivyo: unapokea bahasha kutoka nchi ya mauzo, unaifikisha nchi ya manunuzi, haubaki na yaliyomo. Kwa mashudu, mahindi na zabibu zetu njia hiyo ni ya kutumia kabla ya kubuni nyingine.

Sheria za taarifa binafsi zinasukuma upande huohuo. Yetu, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Kenya na Uganda zina za kwao tangu 2019, Rwanda 2021. Kwa hiyo swali la mfumo wa jirani liwe finyu kadiri inavyowezekana. Forodha ya Kenya haihitaji nakala ya rejista ya walipakodi wa Tanzania. Inahitaji kuuliza: TIN hii (namba ya mlipakodi) iko hai, na jina la biashara linalingana na hili? Jibu ni ndiyo au hapana, na swali lenyewe linaandikwa kwenye kumbukumbu za pande zote mbili.

Namba, saa na gunia

Hapa ndipo panapochosha, na ndipo mifumo mingi inapovunjika baada ya picha za uzinduzi.

Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba. Bandika orodha ya namba za NIDA kwenye Excel bila kuifanya safu iwe maandishi, utaona 1.99E+19, na ukiipanua tarakimu tano za mwisho zimekuwa sifuri. Tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza kujikuta na namba moja. Namba ya Rwanda ina tarakimu 16. Excel inailia moja ya mwisho. Kwenye JSON, muundo ambao mifumo hutumia kutumiana data, programu nyingi zinaanza kukosea namba inapopita 9,007,199,254,740,991, kwa hiyo ya Rwanda inaponea chupuchupu na ya kwetu inaharibika. Ya Uganda ina herufi ndani yake. Kanuni ni moja: kitambulisho kinatunzwa na kutumwa kama maandishi siku zote, hata kama ni tarakimu tupu.

TIN ya Tanzania ina tarakimu 9. Ya Rwanda pia ina 9. Mfumo wa pamoja usiotanguliza alama ya nchi utakuja kumdai mtu wa Huye kodi ya mtu wa Mpwapwa. Tanguliza herufi mbili za nchi na aina ya namba, kwa mfano TZ-TIN, KE-PIN, RW-TIN, ndani ya data yenyewe na si kwenye kichwa cha safu tu. Majina ya watu yasitumike kuwa ufunguo wa kuoanisha kumbukumbu. Mohamed, Mohammed na Muhammad wanatosha kuua mfumo kabla hujafika kwenye nchi ambako jina la ukoo linaandikwa kwanza.

Saa nayo. Dodoma, Nairobi na Kampala ziko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya dunia. Kigali, Bujumbura na Juba ziko UTC+2. Kinshasa iko UTC+1. Hati iliyotiwa saini Dodoma saa 6:30 usiku wa kuamkia Julai 1, kwa Kigali ilikuwa saa 5:30 usiku, Juni 30. Huo ni mwaka mwingine wa fedha, na viwango vipya vya ushuru wa forodha huanza Julai 1. Tarehe zote zitumwe zikiwa na tofauti yake ya saa, hivi: 2025-07-01T00:30:00+03:00. Na kisanduku cha maelezo kisiruhusu mtu kuandika "saa 6:30" kwa mkono, maana yeye amemaanisha usiku na mashine imeelewa alfajiri.

Seva inayotia saini ikitangulia hata dakika saba, mpokeaji anaona hati iliyotoka wakati ambao haujafika na kuikataa, tena ana haki. Seva zote zifuate saa ya mtandao kwa NTP, na mkengeuko ukizidi sekunde chache mfumo usimame kutia saini na upige kelele. Muhuri wa muda utoke kwa huduma inayojitegemea, si kwenye saa ya kompyuta ya karani.

Bidhaa iandikwe kwa msimbo wa forodha. Mashudu ya alizeti ni 2306.30 dunia nzima kwa tarakimu 6 za mwanzo; tarakimu mbili za nyongeza ni za ushuru wa pamoja wa Jumuiya, kwa hiyo hati inayokwenda Zambia isizitegemee. Uzito uwe kwa alama za kimataifa, KGM kwa kilo na TNE kwa tani, na pawe na visanduku viwili tofauti, uzito mtupu na uzito pamoja na vifungashio. Gunia na lumbesa vibaki Kibaigwa sokoni. Hali ya hati nayo iwe kwa msimbo unaokubalika na wote, kwa sababu Burundi na Kongo wataiandika kwa Kifaransa, Nairobi kwa Kiingereza, na "imefutwa" ya kwetu inaweza kumaanisha imebatilishwa au imeondolewa tu kwenye orodha ya kazi.

Mtandao ukikatika mpakani

Kuuliza kama cheti kimebatilishwa kuna njia mbili. Moja ni OCSP: unauliza seva ya mtoaji papo hapo na unajibiwa. Nyingine ni CRL, orodha ya vyeti vilivyobatilishwa inayoshushwa na kutunzwa. OCSP ni nzuri mpaka faiba inapokatwa na greda la barabara, ndipo kila lori linasimama kwa sababu seva ya nchi nyingine haijibu. Kuna wanaoweka mfumo upitishe hati kama seva haijibu. Hilo ni kumwonyesha mwizi kwamba akitaka kupita aanze kwa kukata waya. Njia ya kati ni hii: kituo cha mpakani kitunze CRL inayodumu saa 24 na kuishusha upya kila baada ya saa chache, na mtoaji aweke jibu la OCSP ndani ya hati yenyewe anapotia saini.

Hapo viwango vya Ulaya vya PAdES kwa PDF na XAdES kwa XML vinasaidia, kwa ngazi nne. B-B ni saini tupu. B-T imeongezewa muhuri wa muda. B-LT imebeba pia vyeti na ushahidi wa kutobatilishwa. B-LTA inapigwa mihuri mingine baadaye ili idumu hata njia za zamani za kukokotoa zikichakaa. Kwa hati za mpakani nadai B-LT, si chini ya hapo. Kwa hati za ardhi ni B-LTA.

Na orodha ya kuaminiana lazima iwe na njia ya kumtoa mtu haraka. DigiNotar, kampuni ya Uholanzi ya kutoa vyeti vya kidijitali, ilivamiwa na wadukuzi 2011, vikatolewa vyeti bandia zaidi ya 500, na serikali ya nchi hiyo ilikuwa inatumia vyeti vya kampuni hiyohiyo kwenye huduma zake. Kampuni ilifilisika Septemba mwaka huohuo. Mwaka 2017 Estonia iligundua kasoro kwenye chipu za kadi takribani 760,000 na ikalazimika kusimamisha vyeti vyake. Hakuna kati ya hizo nchi iliyokuwa ya kubabaisha. Kwa hiyo mkataba wa Jumuiya useme wazi nani anatoa taarifa, kwa nani, ndani ya saa ngapi, na taasisi muhimu isitegemee mtoaji mmoja.

Kupima na kuandikiana

Jaribio la hati nzuri kupita halina thamani kubwa. Mfumo unaopitisha kila kitu nao utafaulu. Andaeni hati mbovu na muone kama zinakataliwa: iliyobadilishwa tarakimu moja baada ya saini, ya cheti kilichokwisha muda, ya cheti kilichobatilishwa jana, ya mtoaji asiyekuwa kwenye orodha, ya saa iliyotangulia dakika kumi, ya muhuri halali wa taasisi isiyo na mamlaka ya hati hiyo, na hati ileile nzuri ikiletwa mara ya pili kwa lori jingine. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopenya mara nyingi. Saini inathibitisha hati. Haizuii kutumika mara mbili. Lazima upande wa mpokeaji uandike kwamba namba hii imeshatumika, na umrudishie mtoaji taarifa hiyo.

Ujumbe wa kukataliwa useme sababu kwa msimbo na kwa Kiswahili kinachoeleweka. "Hitilafu 500" haimsaidii afisa wa zamu saa nane usiku. Chini ya ujumbe kuwe na namba ya zamu ya nchi iliyotoa hati, inayopokelewa usiku na sikukuu. Karatasi ya dharura iwe na namba ileile ya hati ya kielektroniki, na mfumo ukirudi iingizwe kwa namba hiyo, la sivyo mzigo mmoja utahesabiwa mara mbili kwenye takwimu za biashara.

Mkataba wa kiufundi nao usiishie kwenye maneno ya ushirikiano. Uandikwe kwamba muundo wa data ukibadilika jirani ataarifiwa siku 90 kabla, na toleo la zamani litaendelea kufanya kazi sambamba na jipya kwa muda uliotajwa. Uandikwe nani analipa hasara ikiwa saini bandia imepokelewa: mtoaji aliyezembea, au mpokeaji asiyekagua. Wanasheria huliogopa hilo na kuliacha wazi. Likiachwa wazi, afisa wa mpakani ndiye atakayebeba, na atajilinda kwa kudai karatasi yenye muhuri wa wino.

Mwisho ni kalenda ya vyeti. Muhuri wa taasisi hudumu miaka michache na kawaida kuisha kwake kunagunduliwa siku ukiisha. Cheti kipya kitengenezwe siku 60 kabla, kipelekwe kwa majirani, kiingizwe kwenye orodha zao kikiwa pamoja na cha zamani, kipimwe kwa hati ya majaribio, ndipo mfumo uhamie. Tarehe ya mwisho isiangukie Desemba 31 wala wikiendi. Cha zamani kisifutwe kwenye orodha. Kiandikwe kwamba kilikuwa halali hadi tarehe fulani, kwa sababu sheria ya forodha ya Jumuiya inamruhusu mkaguzi kudai hati za mzigo ndani ya miaka 5, na hati ya mwaka juzi itakaguliwa kwa muhuri wa mwaka juzi.